Miche yangu ya mtini imefika imenyauka baada ya siku sita ndani ya boksi: naomba ushauri

Mlezi wa Tini (Dallas, Texas)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Tangu nihamie Texas nimekuwa nikitamani tini mbichi za kuchuma mwenyewe, kwa hiyo mwezi huu wa Julai niliagiza kwa njia ya posta miche mitatu kutoka kitalu kilicho katika jimbo la mbali. Miche ilitumwa Jumatano ikanifikia Jumanne iliyofuata, na mwisho wa juma wote boksi lilikuwa limelala ghalani, katika wiki ambayo joto la hapa lilikuwa likipita nyuzi 38 za Selsiasi kila alasiri.

Nilipofungua nilikuta hali tatu tofauti. Mche wa aina ya Celeste una majani manne ambayo yamelegea lakini bado ni ya kijani. Ule wa LSU Purple ulikuwa na majani ya njano tupu, na nilipouinua yote yakabaki chini ya boksi. Wa tatu, Chicago Hardy, ni kijiti kitupu chenye ncha nyeusi kama njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwaka. Kila mche una urefu wa kiganja na umo katika kikopo cha inchi nne, na udongo ulikuwa umekauka hadi ukaachana na kuta za kikopo. Nilimwagilia mara moja, lakini maji yalipita pembeni yakatokea chini bila kuulowesha.

Kwa sasa nimeiweka kibarazani, upande usiopata jua. Mume wangu anashauri tuipande ardhini leo hii, na jirani ameniletea mbolea ya chumvichumvi. Je, niwasikilize? Na kile kijiti, nikitupe?

Fundi Kitalu (Raleigh, North Carolina)

Dada, pole sana, lakini usianze matanga kabla ya msiba. Nafanya kazi katika kitalu, na kila kiangazi tunapigiwa simu na watu wenye maboksi kama hilo lako. Mtini una tabia ya kupukutisha majani kila unapobanwa, kama ufanyavyo kila majira ya baridi, na mti uliopoteza majani yote unaweza kuwa mzima kabisa ndani ya gome.

Elewa kwanza kilichotokea njiani. Gizani jani haliwezi kutengeneza chakula, lakini linaendelea kupoteza maji, hivyo linageuka kuwa mzigo ambao mche unaona afadhali kuutua. Zaidi ya hayo, mimea iliyofungiwa hutoa gesi ya ethilini, nayo hujikusanya ndani ya boksi. Bila shaka umewahi kuona ndizi zikivundikwa nyumbani: gesi ileile inayoivisha ndizi ndiyo inayolegeza vikonyo vya majani. LSU Purple ilitolewa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana mwaka 1991 kwa ajili ya kanda ya joto na unyevu ya kusini, kwa hiyo usidhani umechagua mti usiofaa kwako. Giza na kiu ndivyo vilivyouangusha.

Sasa shughulikia udongo, maana hilo ndilo la haraka kuliko yote. Vikopo hivyo kwa kawaida hujazwa piti, yaani masalia ya mimea ya kinamasi, ambayo ikikauka kabisa maji huteleza juu yake kama juu ya jani la gimbi. Kumwagilia kutoka juu hakutasaidia. Weka maji ya uvuguvugu katika beseni, simamisha vikopo ndani yake hadi maji yakaribie ukingo, na uviache mpaka mapovu yakome, jambo ambalo huchukua kama nusu saa. Kisha vitoe, viache vichuruzike, na uvinyanyue kimoja kimoja ili mkono wako ukariri uzito wa kikopo kilichoshiba. Kuanzia hapo usimwagilie mpaka kikopo kiwe chepesi na udongo wa juu uwe mkavu kwa kina cha sentimita mbili. Mche usio na majani hunywa kidogo mno, na miche mingi inayovuka salama safari ya posta hufa wiki mbili baadaye kwa kuozeshwa mizizi na mwenyewe, kwa huruma.

Kuhusu kijiti, usikitupe. Kwangua gome kwa ukucha, eneo lisilozidi punje ya mchele, ukianzia karibu na ncha na kushuka polepole. Palipo pakavu na pa kahawia pamekufa. Ukikuta kijani chenye unyevu, acha hapohapo, kwa maana kila mkwaruzo ni jeraha. Nawa mikono baadaye, kwa sababu utomvu mweupe wa mtini huwasha, na ngozi iliyopakwa utomvu huo ikipigwa na jua inaweza kutoka malengelenge.

Mbolea mrudishie jirani kwa shukrani. Chumvi yake huvuta maji kutoka katika mizizi ambayo tayari imechoka, na mche hauna majani ya kuitumia. Subiri hadi majani mapya mawili au matatu yafunguke vizuri, kisha anza na kiasi kidogo. Na usiipande ardhini sasa: mche wa kiganja katika ardhi ya Dallas mwezi Julai hauna pa kujificha. Uhamishie katika chungu kikubwa kidogo pale mizizi itakapoanza kuchungulia matunduni, uuhifadhi majira ya baridi katika gereji isiyopashwa joto, kisha uupande baada ya jalidi ya mwisho, ambayo kwenu kwa kawaida huwa katikati ya Machi.

Piga picha za boksi na miche leo kabla hujafanya lolote, kwa kuwa vitalu vingi hutoa siku chache tu za kupokea malalamiko.

Ami wa Maskati (Muscat, Oman)

Bibie, mwenzangu amesema ya kitalu, nami nitaongeza ya joto, kwa sababu huku Maskati kiangazi hakituonei haya. Tini zinazositawi vizuri nchini kwetu ni zile za milimani, kama Jebel Akhdar, ambako kuna ubaridi na maji ya falaji, yaani mifereji ya jadi ya umwagiliaji. Sisi wa pwani tunaopanda vyunguni tumejifunza kwa kuunguza.

Tazama kwanza rangi ya chungu. Chungu cheusi kikipigwa na jua la alasiri hupika mizizi iliyoshikana na ukuta wake, na utaona majani yakinyauka ilhali udongo una maji. Dawa yake ni kukitumbukiza ndani ya chungu kingine kikubwa cha rangi nyeupe, ukaacha nafasi ya vidole viwili kati yao ili hewa ipite. Pili, angalia maji yenyewe. Mpira uliolazwa juani hutoa maji ya kuchemsha chai kwa dakika nzima ya mwanzo, na ukiyaelekeza moja kwa moja kwenye kikopo umekwisha kuua. Mimi hujaza ndoo usiku, nikailaza ndani ya nyumba, na humwagilia alfajiri kabla jua halijatoka.

Jua nalo lirudishe kwa kipimo. Kwa siku kumi za kwanza iache miche penye mwanga mwingi usio na jua la moja kwa moja, kisha uipe jua la asubuhi kwa saa moja, na uongeze kidogo kila baada ya siku mbili au tatu. Yale majani manne ya Celeste yalikulia chini ya paa la kitalu, ngozi yake ni nyembamba, na jua la mchana mmoja linaweza kuyababua yakawa meupe kama karatasi.

Shamba Darasa (Morogoro)

Mbona hakuna aliyetaja kuifunika kwa mfuko wa nailoni ili kuhifadhi unyevu? Sisi hufanya hivyo kwa miche ya kubebesha, na matokeo ni mazuri.

Fundi Kitalu (Raleigh, North Carolina)

Ndugu, hoja yako ina mashiko kwa Celeste peke yake, kwa sababu ndiyo yenye majani yanayopoteza maji. Afunike kwa mfuko uliotobolewa, ndani ya nyumba, mbali na dirisha linalopigwa na jua, kwa siku nne au tano, kisha aupanue mdomo wa mfuko siku hadi siku. Nailoni iliyofungwa ikikutwa na jua la Texas hugeuka kuwa tanuri. Ile miwili mitupu asiifunike, itaota ukungu bure.

Mlezi wa Tini (Dallas, Texas)

Ahsanteni sana, na Ami, shikamoo. Nimeloweka vikopo jana jioni, na mapovu yalichukua dakika arobaini kukoma. LSU Purple ni kijani tangu nchani, sikuamini macho yangu. Chicago Hardy nimekwangua mara tatu: juu kahawia, katikati kahawia, na kijani nimekikuta sentimita mbili tu juu ya udongo. Nikate sehemu iliyokufa?

Fundi Kitalu (Raleigh, North Carolina)

Usikate bado. Mara nyingine mpaka wa uhai huendelea kushuka au mche hukushangaza kwa kuchipua mahali ambapo hukutarajia, na sehemu kavu haidhuru chochote ikibaki. Utakata chipukizi likishajionesha, kwa makasi safi, juu kidogo ya hapo.

Mlezi wa Tini (Dallas, Texas)

Narudi baada ya siku kumi na tisa. Celeste iliangusha majani mawili, lakini imefungua moja jipya lililo gumu kuliko yale ya zamani, na sasa inapata jua hadi saa nne asubuhi. LSU Purple ina vichomozi viwili vya kijani, kimoja kimeanza kufumbua jani lenye ukubwa wa kucha. Chicago Hardy ilikauka shina lote, nami nilikuwa nimekwisha kuitoa hesabuni, ila leo alfajiri wakati wa kumwagilia nimeona ncha ya kijani ikitokeza kutoka ndani ya udongo wenyewe. Je, hilo litakuwa tunda lilelile nililonunua, au ni chipukizi la mti wa mwitu kama inavyokuwa kwa maembe?

Fundi Kitalu (Raleigh, North Carolina)

Ni lilelile. Embe la kubebesha lina mizizi ya mti mwingine, ndiyo maana chipukizi la chini hukudanganya. Miche midogo ya mtini kama yako kwa kawaida hutokana na vipandikizi au tishu za mti mzazi na husimama juu ya mizizi yake yenyewe, na Chicago Hardy hasa inapendwa na watu wa majimbo ya baridi kwa sababu hiyo: hufa juu wakati wa baridi, ikachipua upya kutoka chini. Ukiagiza tena, omba utumiwe mwezi wa Februari au Machi wakati miti imelala na haina majani, na iondoke kitaluni siku ya Jumatatu.

Mlezi wa Tini (Dallas, Texas)

Nimeelewa. Mume wangu ameacha habari za kupanda ardhini; jana amerudi na ndoo tatu nyeupe na keekee ya kutobolea matundu.