Corolla 110: geji iko sawa ila moshi mweusi na mafuta inakunywa. Sensa ipi?

Kizota110:
Wakuu habari za jioni. Corolla 110 ya 1996, injini 5A-FE, niko Dodoma. Ikishapata moto inatoa moshi mweusi, plagi zimejaa masizi, mafuta inakunywa kupita kiasi. Geji ya temperecha inasimama katikati kama siku zote. Fundi anasema ninunue sensa ya temperecha ya waya mmoja. Ndiyo yenyewe?

Spana19:
Hapana mkuu. Ya waya mmoja inasukuma mshale wa geji tu, na mshale wako ni mzima. Inayopeleka habari kontroli boksi (kompyuta ya injini) ni ya nyaya mbili. Tafuta upande wa gia boksi, jirani na distribyuta, pale hosi ya juu ya rejeta inapoingilia injini. Ya feni nayo ni swichi nyingine kabisa, iko upande wa themostati, usiichanganye.

Sensa hii ikipata joto omu zake (kipimo cha ukinzani wa umeme) hushuka. Ikizeeka zikabaki juu, kontroli boksi inadhani bado ni asubuhi ya Juni na inaendelea kumwaga mafuta. Chomoa soketi, weka mita kwenye pini za sensa yenyewe. Kwenye nyuzi 20 itoe omu 2,000 hadi 3,000. Kwenye 80, omu 200 hadi 400.

Kizota110:
Asante. Injini ikiwa ya moto, feni imeshawaka mara mbili, inasoma 1,400.

MitaNaWaya:
1,400 ni kama nyuzi 35. Hiyo imekufa, lakini imekufa nusu, ndiyo maana taa ya injini haiwaki. Ingekatika kabisa ungepata kodi ya hitilafu namba 22 (unaunganisha TE1 na E1 kwenye kiboksi cha DIAGNOSTIC chini ya boneti, taa inamulika mara mbili, inatulia, mara mbili tena), na kontroli boksi ingejifanya injini iko nyuzi 80. Hapo shida huwa kuwasha asubuhi, si moshi.

Kabla ya kununua, washa swichi bila kupiga stata, pima soketi upande wa nyaya: karibu volti 5. Ikikosekana, kasoro iko kwenye waya au kontroli boksi, na sensa mpya haitasaidia kitu.

Mpya nayo ipime dukani au nyumbani. Itumbukize kichwa tu kwenye sufuria ya maji, pini zibaki kavu. Ila Dodoma tuko juu, kama mita 1,100, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Usiikatae sensa nzima kwa sababu ya hesabu ya Dar.

Spana19:
Kufunga: injini iwe baridi kabisa, ndipo ufungue kifuniko cha rejeta. Mwaga kulanti (maji ya kupozea injini) lita mbili hivi kwenye ndoo safi. Soketi ndefu namba 19. Washa ya shaba iwe mpya. Nyumba yake ni ya alumini, uzi unaliwa haraka: anza kwa vidole, malizia kwa spana ya kupima mkazo, Nm 20, usining'inie kwenye spana. Tepu ya mabomba sipendi hapo. Kwenye ile ya waya mmoja ndiyo mbaya zaidi, maana ethi yake inapita kwenye uzi. Ukiizungushia tepu geji inadanganya.

Rudisha kulanti, washa injini kifuniko kikiwa wazi na hita iwe kwenye moto, jazia mpaka mapovu yaishe na feni iwake. Kisha zima, chomoa fyuzi ya EFI dakika moja, irudishe.

MitaNaWaya:
Na ukiitoa ya zamani itazame ncha. Ikiwa na ukoko mweupe, umekuwa ukijazia maji ya bomba, na ya kwetu yana chumvi. Ukoko huo unachelewesha joto kufika kwenye sensa, na uko ndani ya rejeta vilevile. Suuza kwanza, halafu weka kulanti iliyokwisha kuchanganywa, ama uchanganye nusu kwa nusu na maji ya betri, yale yasiyo na asidi. Soma chupa, zinafanana.