Mrejesho: real*8 au real64, nimeshaamua

Wakuu salaam, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza nitangazeje namba za desimali kwenye programu yangu ya mtiririko wa maji iliyoandikwa kwa Fortran (lugha ya kuandikia programu za hesabu), maana humo kulikuwa na real*8 huku, double precision kule (zote ni namna za kutangaza namba ya desimali ya biti 64), na majibu yalipishana na yale ya kukokotoa kwa fomula kuanzia tarakimu ya nane hivi.

Nimefuata ushauri wa moduli moja tu: ndani yake nachukua real64 (aina ya namba ya desimali ya biti 64) kutoka iso_fortran_env, moduli inayokuja na Fortran yenyewe, naiita wp, kila faili linaitumia hiyo. Kumbe real*8 haimo kabisa kwenye standadi rasmi ya Fortran, sikujua.

Ila mwanzoni majibu hayakubadilika hata kidogo, nikahangaika siku mbili mpaka nikaprinti hatua ya muda niliyoandika 0.1 ikatoka 0.10000000149011612, yaani kigeu ni cha biti 64 lakini namba yenyewe inasomwa kwanza kwa biti 32! Nikaandika 0.1_wp (yaani 0.1 isomwe kwa aina ya wp) kila mahali ndo yakatulia. Hapa msipapite haraka jamani.

Kilichogoma ni -fdefault-real-8, swichi ya kompaila ya gfortran inayofanya kila real ya kawaida iwe ya biti 64; kuna maktaba ya zamani iliyokompailiwa bila hiyo swichi ikaanza kurudisha namba za ajabu, nikaitoa. Maktaba hiyo bado inataka real32 (biti 32), kwa hiyo nabadilisha namba kabla ya kuiita na usahihi pale unapotea, sijapata njia nyingine.

Asanteni sana, na aliyenitajia -Wconversion-extra (swichi ya gfortran ya kuonya namba inapobadilishwa aina) Mungu akubariki, ilinionyesha zile 0.1 zote zilizokuwa zimejificha.