Raba za milango ya Camaro 1969: seti ya bei nafuu, raba laini, au stoku ya zamani ya GM?

Mkereketwa_69 (Columbus, Ohio)

Wakuu, salama? Camaro yangu ya 1969, ile ya Chevrolet, imetoka kupigwa rangi na sasa iko gereji haina hata moja ya raba za kuzuia maji na upepo milangoni na kwenye vioo. Ni kupe (coupe, ya milango miwili), ilitengenezwa kiwanda cha Norwood hapa hapa Ohio, na nia yangu irudi vile ilivyotoka kiwandani, si kufananafanana tu. Kwenye raba ndipo nimekwama.

Kuna seti nzima ya bei nafuu, kila kitu boksi moja: milango, paa, buti, mpaka feti za vioo, vile vipande vyenye manyoya vinavyofuta kioo kikipanda na kushuka. Nimeishika ya jamaa mmoja, raba yake ni ngumu. Ukiibonyeza kwa kidole haikubali kushuka.

Njia ya pili ni kununua moja moja kwa wanaotengeneza raba laini, kina Steele na Metro. Hapo bei inapanda.

Ya tatu ni kusaka stoku ya zamani ya GM (General Motors, wenye Chevrolet) yenyewe, ile ambayo haijawahi kufungwa kwenye gari, bado iko kwenye mfuko wenye namba ya kipuri. Kuipata ni bahati, na wenye nayo wanaijua thamani yake.

Halafu gundi: ya njano au nyeusi? Naomba aliyefanya kazi hii kwa mikono yake anishauri.

MzeeWaBodi (Dallas)

Hongera kwa kufika hapo, kijana wangu. Mimi ni fundi bodi, na mteja akinijia na swali la raba, kwanza namuuliza: mlango umekaa?

Mlango wa Camaro ni mrefu na mzito, pini za bawaba na bushi zake zinaliwa. Ufungue, shika ncha ya nyuma, unyanyue. Ukicheza, badilisha pini na bushi kabla hujagusa raba. Kisha ufunge bila raba yoyote. Unatakiwa uingie kwa kusukuma kidogo tu, mwanya uwe sawa kuanzia juu hadi chini, na usiinuke pale unapokutana na chuma cha kitasa. Raba haiwezi kunyoosha mlango uliopinda. Wengi wanaolalamikia raba ngumu, mlango wao ulikuwa umeshuka tangu mwanzo.

Sasa habari ya kiwandani. Mabodi hayo ni ya Fisher Body, kitengo cha mabodi cha GM, na raba zilifungwa baada ya rangi. Kwa hiyo ukiinua ukingo wa raba unatakiwa ukute rangi kamili chini yake, na raba yenyewe isiwe na hata tone la rangi. Gari ambalo raba zilifunikwa kwa gazeti halafu likapigwa rangi linajulikana kwa mstari kwenye ukingo.

Mpangilio ninaoufuata: reli ya chuma ya paa kwa skrubu, raba ya paa ndani ya reli, raba ya mlango, ndipo nisetie kioo cha mlango. Kioo cha nyuma cha ubavuni kinakuja mwisho kabisa, kwa sababu kinafuata kile cha mlango. Kumbuka gari hili halina nguzo ya kati. Kioo kinakutana na kioo, katikati kuna raba moja ya wima tu, na kioo cha mlango kikikosea kidogo maji yanapita hapo. Tena la 1969 halina kile kidirisha cha pembeni kilichokuwepo 1967, kwa hiyo kioo kimoja kirefu ndicho kinachoziba kuanzia nguzo ya mbele hadi nyuma.

Kwenye chaguo lako: laini, kwa milango na paa. Sina shaka.

ChumaAsili (Chicago)

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hapo nitakupinga kidogo.

Inategemea gari linakwenda wapi. Kama anataka kulipeleka MCACN, yale maonyesho ya magari ya Rosemont kila Novemba, jaji mwenye macho anaanza na ncha za raba. Raba ya mlango ya asili ina ncha zilizomiminwa kwenye kalibu, zina umbo lake, na pini za nailoni zimekaa kila moja mahali pake. Nyingi za kuiga zina ncha nene, au kona yake ina pembe tofauti kabisa, na fundi anaishia kuikata kwa wembe. Kipuri cha GM kinaingia chenyewe.

Na zile pini hazikuwekwa kwa mapambo. Meno yake yanashika bati na kuziba tundu ili maji yasipenye ndani ya mlango. Anayezikata halafu akabandika raba nzima kwa gundi amefanya kitu ambacho Fisher hawakufanya, na ameacha matundu wazi chini ya raba.

Mkereketwa, yoyote utakayonunua, hakikisha inakuja na pini zake.

BintiPwani (Maskati)

Hamjambo. Huku Ghuba magari haya tunayo na jua tunalo, kwa hiyo naomba niseme juu ya stoku ya zamani.

Raba inazeeka hata ikiwa ndani ya mfuko. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aikunje taratibu mbele ya kamera. Ukiona nyufa ndogondogo juu ya mkunjo, achana nayo. Ukiona upande mmoja umelala bapa kwa kukaa chini ya maboksi mengine, achana nayo pia, kwa sababu ubapa huo ndio mahali maji yatakapopita. Nimeziona za buti zilizopasuka zikiwekwa tu, bado zina namba ya GM. Kwa gari linalotembea na kuegeshwa nje, mimi siwezi kuziamini.

Raba mpya nyingi ni za EPDM, aina ya raba ya kutengenezwa, na zinavumilia jua vizuri, ila usizipake grisi ya kawaida wala mafuta ya injini. Zinavimba na kulegea. Grisi ya silikoni, kidogo sana, kwa kitambaa, tena baada ya gundi kukauka kabisa. Silikoni ikitangulia, gundi haitashika tena hapo.

Mkereketwa_69

Ahsanteni sana. Dada, hoja ya kukunja sikuwa nimeiwaza. Kaka ChumaAsili, gari langu litakwenda maonyesho, lakini nitaliendesha pia, mvua ya Ohio nayo ipo. Mzee, pini za bawaba ni mpya na mlango unafunga vizuri mtupu. Gundi je? Na nitajuaje kama raba inaziba kweli kabla ya kurudisha mazulia?

MzeeWaBodi

Vizuri. Gundi zote mbili zinashika. 3M wanayo ya njano na nyeusi. Tofauti ni macho: ya njano ikivuja pembeni ya raba nyeusi inaonekana kutoka mbali, kwa hiyo nenda na nyeusi. Ila nyeusi ikidondoka kwenye rangi inakupa kazi, basi bandika utepe wa karatasi kando ya njia ya raba kabla hujafungua tyubu. Muulize aliyepiga rangi kama imeshakomaa kubeba utepe na gundi.

Raba mpya inatoka kwenye kalibu ikiwa na ute wa kuitelezesha. Ifute kwa spiriti, ikauke. Iweke kavukavu kwanza, pini zote zikae bila gundi, ufunge na kufungua mlango. Ukiridhika, paka gundi nyembamba pande zote mbili, ni zile sehemu tu ambazo hazina pini, hasa ncha za juu. Subiri inate kwenye kidole, kisha bonyeza. Gundi nyingi ndiyo inayofichua kazi ya haraka.

La muhimu kuliko yote: usiivute. Raba iliyovutwa ili ifike inarudi nyuma polepole, na baada ya miezi unakuta mwanya kwenye ncha na kona imekuwa nyembamba. Isukume kuelekea kwenye kona, iwe na ziada kidogo.

Kupima: paka chaki kwenye raba, funga mlango, fungua. Mstari wa chaki upande wa bodi unatakiwa uwe mmoja usiokatika. Pale ulipokatika, kioo au mlango unahitaji kusogezwa, raba haina kosa. Halafu ukanda wa karatasi: funga mlango juu yake, uvute. Unatakiwa utoke kwa kubanwa, na ubanaji uwe ule ule kila mahali. Mwisho maji, bomba la kawaida lisilo na presha, ukianzia chini kupanda juu, mwenzako akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu utalowesha kila kitu na hutajua maji yameingilia wapi.

ChumaAsili

Mzee amemaliza upande wa milango. Mimi naona uchanganye: laini kwa paa, milango na ile ya wima ya kioo, maana hizo ndizo zinazofanya kazi. Pesa ya stoku ya zamani, kama utaipata ikiwa hai, iweke kwenye feti za vioo, zinaonekana kila mtu akisogea dirishani. Zile za ndani zilipigwa pini za stepla kwenye paneli ya mlango, nawe fanya hivyo hivyo. Seti ya boksi moja iache, hata kwa bei hiyo.

Mkereketwa_69

Nimeamua hivyo. Laini kwa milango na paa, feti natafuta za GM. Swali la mwisho: raba ya buti, maungio yake yakae wapi?

MzeeWaBodi

Nyuma katikati, karibu na kitasa. Anzia hapo, zunguka bila kuvuta, na ukirudi usikate sawasawa. Acha ziada ya kama nusu inchi ili ncha mbili zisukumane, uziunganishe kwa gundi. Kabla ya yote safisha mfereji wote mpaka uone rangi. Na huko kwenye milango, angalia matundu ya kutolea maji pale chini: yapitishe waya, yawe wazi, gundi isiyafikie. Milango ya Camaro inaoza kuanzia hapo.