Je, ni kweli muziki wa klasiki hutuliza, au tunaamini hivyo kwa kuwa tumeambiwa?

Mkaguzi_Dodoma

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, na kila inapofika miezi ya kufunga mwaka wa fedha usingizi hunipotea: najilaza nikiwa hoi, lakini akili inaendelea kujumlisha na kutoa hadi majogoo. Daktari niliyemwona alinipima, akasema haoni ugonjwa, akanishauri nipunguze kahawa na nisikilize muziki wa klasiki kabla ya kulala kwa maelezo kwamba muziki huo hutuliza mwili na akili. Ushauri wa namna hiyo nimeusikia pia kwa watu wengine wengi, na mitandaoni umejaa tele: klasiki ya kulalia, klasiki ya kusomea, klasiki ya wajawazito, Mozart kwa ajili ya watoto wachanga.

Nimeufuata kwa moyo wote, na matokeo yake yamenichanganya. Vipo vipande vya piano vilivyonifanya nipumue taratibu na mabega yakalegea kabisa. Vipo vingine vilivyonikosesha hata lepe la usingizi nililokuwa nalo. Usiku mmoja nilisikiliza sehemu ya pili ya simfonia (kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa) ya mtunzi Haydn, ambayo ilianza na fidla zikipiga kwa sauti ya chini wimbo mwepesi unaoshikika haraka. Wimbo huo ukarudiwa kwa sauti ya chini zaidi, nami nikaanza kusinzia, mara okestra nzima pamoja na ngoma ikapiga pigo moja la kishindo, nikajikuta nimekaa kitandani moyo unanienda mbio. Swali langu kwa wenye ujuzi ni hili: je, muziki huu una utulivu ndani yake kweli, au tunarudia tu maneno tuliyorithi bila kuyachunguza?

Mwalimu_wa_Kwaya (Moshi)

Ndugu Mkaguzi, pole sana kwa kukosa usingizi. Pigo lililokuamsha halikuwa hitilafu ya rekodi wala ya simu yako. Hiyo ni Simfonia Namba 94 ya Joseph Haydn, iliyopigwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1792, na pigo hilo aliliweka kwa makusudi mwishoni mwa marudio yale ya upole, pale ambapo sikio limeshalegea na halitarajii kitu. Mtunzi aliyepanga jambo hilo kwa uangalifu kiasi hicho alitaka wasikilizaji wake wawe macho, na zaidi ya miaka 200 baadaye bado anafanikiwa.

Kasoro ya ushauri uliopewa ni kwamba unauchukulia muziki wa klasiki kuwa kitu kimoja, ilhali ni hazina ya karne kadhaa iliyotungwa kwa ajili ya ibada, dansi, maigizo ya kuimbwa, mazishi na kutawazwa kwa wafalme. Misa ya wafu ya Verdi, iliyoimbwa kwanza Milano mwaka 1874, ina sehemu ya siku ya hukumu ambamo ngoma kubwa hupigwa kwa nguvu zote huku kwaya ikipaza sauti juu kabisa, na anayeisikiliza bila kuogopa hajaisikiliza sawasawa. Muziki wa Stravinsky kwa ajili ya onyesho la dansi uliopigwa Paris tarehe 29 Mei 1913 ulizua zogo ukumbini. Simfonia ya Saba ya Shostakovich ilipigwa Leningrad (leo St. Petersburg, Urusi) tarehe 9 Agosti 1942, mji ukiwa umezingirwa na majeshi ya Ujerumani na wapigaji wenyewe wakiwa wamedhoofika kwa njaa, tena ikarushwa kwa vipaza sauti ili adui naye aisikie. Kuchukua kazi kama hizo na kuziita dawa ya usingizi ni kuzidhulumu, na mimi kama mwalimu jambo hili linaniuma. Kwaya yangu hufanya mazoezi ya Haleluya ya Handel kila Pasaka inapokaribia, na sijapata kumwona mwimbaji wala msharika aliyesinzia inapoimbwa.

Hata kisa kinachotajwa sana kuthibitisha kwamba klasiki ilitungwa ili watu walale hakisemi hivyo. Inasimuliwa kwamba mtunzi Bach alitunga Vigeuzi vya Goldberg (wimbo mmoja unaorudiwa kwa namna mbalimbali), vilivyochapishwa mwaka 1741, kwa sababu mwungwana wa cheo aitwaye Keyserlingk alikuwa hapati usingizi na alitaka kijana wake wa muziki, Goldberg, ampigie usiku. Aliyeandika habari hiyo ni Forkel, mwandishi wa maisha ya Bach, mwaka 1802, na wanahistoria wengi wanaitilia shaka, kwa kuwa chapisho lenyewe halina maneno ya kumtunukia mwungwana huyo na Goldberg alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Lakini hata tukiikubali, Forkel anasema mwungwana huyo aliomba vipande vya upole vyenye uchangamfu kidogo, vya kumfurahisha katika usiku wa kukesha. Aliomba mwenzi wa kukesha naye.

Pamoja na hayo, sikatai kwamba vipo vipande vinavyotuliza. Angalia mambo matatu yanayokwenda pamoja: kasi ndogo isiyobadilika, sauti isiyopanda ghafla, na wimbo ambao hauhitaji ufuatilie safari ndefu. Gymnopédie ya kwanza ya Erik Satie, kipande cha piano cha mwaka 1888, inayo yote matatu: mkono wa kushoto unaweka noti moja ya chini kisha sauti kadhaa laini juu yake, tena na tena, na mkono wa kulia unapita polepole bila kuelekea kwenye kilele chochote. Usidanganywe na majina, kwa maana Chopin anazo nyimbo za usiku za piano ambazo si salama hata kidogo kwa mtu anayetafuta usingizi. Ile ya Opus 48 Namba 1 (hiyo ni namba yake katika orodha ya kazi zake) inaanza kwa huzuni tulivu, lakini kabla haijafika mwisho piano inanguruma.

Muuguzi_Mombasa

Nimesoma maelezo ya Mwalimu kwa furaha, nami naongeza kidogo kwa upande wa mwili, kwa kuwa jambo hili limepimwa hospitalini na vyuoni.

Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, walichapisha kazi ambamo waliwasikilizisha watu 24, nusu yao wanamuziki na nusu wasio wanamuziki, aina sita za muziki, huku wakipima upumuaji, mapigo ya moyo na presha. Walichokiona ni kwamba muziki wa kasi uliongeza vyote vitatu, na kwamba athari hiyo ilitokana zaidi na kasi ya muziki. Lakini lililonivutia zaidi ni hili: waliingiza ukimya wa dakika mbili katikati ya muziki, na katika ukimya huo mapigo ya moyo na presha vilishuka chini kuliko kabla ya muziki kuanza. Pia waliona kwamba upumuaji wa wanamuziki ulifuata kasi ya muziki kwa karibu zaidi kuliko wa wengine, jambo ambalo huenda likaeleza kwa nini mtu kama Mwalimu hawezi kuuacha muziki upite tu masikioni.

Kuhusu usingizi wenyewe, upo utafiti wa Hungaria wa mwaka 2008 uliohusu vijana 94 waliokuwa wakilalamikia usingizi wao. Kundi moja lilisikiliza klasiki tulivu kwa dakika 45 wakati wa kulala kwa wiki tatu, jingine likasikiliza vitabu vilivyosomwa kwa sauti, la tatu halikupewa kitu. Usingizi wa waliosikiliza muziki uliboreka kwa kiasi cha kuonekana wazi, na wa waliosikiliza vitabu haukuboreka hivyo. Kwa hiyo daktari wako hakukupoteza. Alichokosa kukuambia ni kwamba vijana wale walipewa vipande vilivyochaguliwa, hawakuachwa wachukue simfonia yoyote iliyo mbele yao. Vilevile, uchambuzi uliotoka katika jarida la Lancet mwaka 2015, uliokusanya majaribio zaidi ya 70 ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji, ulionyesha kwamba muziki ulipunguza maumivu na hofu, na muziki uliotumika ulikuwa wa namna nyingi.

Hilo la Mozart na watoto wachanga liweke kando kabisa. Lilianzia kwenye jaribio la mwaka 1993 lililofanywa kwa wanafunzi 36 wa chuo, ambao baada ya dakika kumi za sonata ya Mozart ya piano mbili walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa kufikiria maumbo, na faida hiyo haikuzidi robo saa. Hapakuwa na mtoto mchanga hata mmoja, wala utulivu haukuwa ndio uliokuwa ukipimwa.

Jambo la mwisho, kaka yangu: usingizi ukikusumbua usiku tatu au zaidi kwa wiki, na hali hiyo ikaendelea kwa miezi mitatu, hapo ni tatizo sugu la usingizi, na matibabu yanayotangulizwa ni ya ushauri wa kubadili mazoea na fikra za kulala. Rudi kwa daktari. Muziki pekee hautoshi.

Msomaji_Nairobi

Naongeza jambo moja tu. Kuanzia mwaka 2003, katika kituo cha treni cha Elm Park jijini London, klasiki ilikuwa ikipigwa kwenye vipaza sauti ili vijana waliokuwa wakikusanyika pale na kuwasumbua abiria waondoke, na baadaye vituo vingine vikafuata. Iwapo sauti zilezile zinaweza kumlegeza abiria mmoja na kumfukuza kijana aliyesimama karibu naye, basi sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya msikilizaji.

Fidla_ya_Unguja

Assalaam alaikum. Ndugu wa Nairobi amegusa nililotaka kulisema. Mimi napiga fidla katika taarab asilia, na chombo chenyewe ni kilekile kinachopigwa Vienna, lakini sikio langu limelelewa na vyombo vya nyuzi vya kanuni na udi, na sauti ya mwimbaji wa Misri Umm Kulthum iliyokuwa ikitoka redioni kwa wazee wetu. Nikitaka kupumzika nafungua nyimbo za zamani za Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanza mwaka 1905, na mwili unajua wenyewe kinachofuata: naijua zamu ya fidla, nalijua jibu la waitikiaji, sina haja ya kukisia. Nadhani kujua kinachofuata ndiko kunakotuliza. Haydn alikushtua kwa sababu hukujua. Ukiisikiliza simfonia ile mara nyingi, utalingoja pigo hilo kwa hamu.

Wapo watu wanaoamini kwamba mpangilio wa sauti za Ulaya unapendeza kwa maumbile, kwamba kila binadamu akiusikia lazima aridhike. Mwaka 2016 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa kwa Watsimane wa Bolivia, wanaoishi mbali na muziki wa Magharibi, nao walipewa sauti zinazopatana na sauti zinazogongana wazipime kwa kupendeza. Waliziona zote sawa. Kwa hiyo sioni kwa nini mtu wa Dodoma ajilazimishe kustarehe kwa Beethoven eti kwa sababu kitabu kimesema, ikiwa zeze la Kigogo au tenzi alizokua nazo zinamfikisha palepale kwa njia fupi zaidi. Muziki wa klasiki naupenda na nimejifunza mengi kutoka kwake, lakini naupenda nikiwa nimekaa wima na masikio yamesimama.

Mkaguzi_Dodoma

Nawashukuruni nyote, na kwa namna ya pekee Mwalimu kwa kunitajia jina la kilichoniamsha. Kimebaki kikwazo kimoja cha kiutendaji. Nalala na feni ikiwa inazunguka, na mtaa wetu una pikipiki hadi usiku wa manane. Nikiweka sauti ya chini, sehemu za upole sizisikii kabisa. Nikiipandisha ili nizisikie, sehemu inayofuata inanipigia kelele. Juu ya hayo, nikitumia YouTube, kipande kikiisha linaingia tangazo la biashara lenye sauti kuliko muziki wote uliotangulia.

Mwalimu_wa_Kwaya (Moshi)

Hapo umegusa tofauti kubwa kati ya klasiki na muziki mwingi wa redioni. Nyimbo nyingi za siku hizi hubanwa wakati wa kurekodiwa ili sauti yake ibaki karibu kimo kimoja toka mwanzo hadi mwisho, lakini rekodi ya okestra kwa kawaida huachiwa umbali wote uliopo kati ya fidla moja inayopiga kwa chini sana na wapigaji 80 wanaopiga kwa pamoja. Umbali huo ni sehemu ya uzuri wake katika ukumbi ulio kimya, na ni adha katika chumba chenye feni.

Kwa hiyo usiku acha okestra kubwa zote, uchague chombo kimoja au viwili. Mbali na Satie, tafuta kipande cha Arvo Pärt cha fidla na piano kiitwacho Spiegel im Spiegel, cha mwaka 1978, ambacho kwa dakika karibu kumi hakipandi wala hakikimbii. Ukitaka kitu kirefu, Max Richter alitoa mwaka 2015 kazi ya zaidi ya saa nane iitwayo Sleep, iliyotungwa tangu mwanzo kwa ajili ya watu waliolala. Pakua vipande hivyo kwenye simu ili matangazo yasiingie, na weka muda wa kujizima, maana dada Muuguzi ametueleza kwamba ukimya unaofuata muziki nao una kazi yake mwilini.

Na kama utapenda kumjaribu Bach, chukua ile Aria inayofungua Vigeuzi vya Goldberg, uiweke ijirudie yenyewe. Usiiache rekodi iendelee na vile vigeuzi 30 vinavyoifuata, kwa sababu kigeuzi cha kwanza kabisa kinaanza kwa mbio.