Mama anarudi Dodoma kutoka Antaktika wiki hii, naombeni ushauri

BintiChamwino
Wakuu, habari za jioni. Mama yangu alifundisha jiografia sekondari mpaka akastaafu, na mwaka huu sisi wanawe tumechangishana akaenda kuiona Antaktika kwa meli. Ziara imeisha, sasa wanavuka Mlangobahari wa Drake kurudi Ushuaia, Argentina. Jana usiku kaniandikia kwamba vitambaa vya meza vimeloweshwa maji ili sahani zisiteleze, na yeye kalala chali, hataki hata chai.

Wakala kamkatia ndege ya Ushuaia kwenda Buenos Aires mchana wa siku ileile anayoshuka melini, halafu usiku huohuo apande ya São Paulo, Addis Ababa hadi Dar. Ni tiketi mbili tofauti. Ana miaka 67. Niibadilishe? Halafu shule yake ya zamani wamemwomba awaletee jiwe la huko. Na ndugu wamepanga kumpokea stesheni ya SGR kwa ngoma, shughuli iwe nyumbani siku hiyohiyo. Naogopa mwili hautahimili.

Baharia_Mstaafu
Dada, badilisha leo. Drake ina upana wa kilomita kama 800 na huvukwa kwa siku mbili hivi bahari ikitulia. Upepo wa magharibi unaizunguka dunia pale bila nchi kavu ya kuukinga, kwa hiyo mawimbi yakipanda nahodha hupunguza mwendo. Meli nyingi hujiwekea muda wa ziada, lakini upepo wa Ushuaia huchelewesha ndege pia.

Kikubwa ni kwamba Buenos Aires ina viwanja viwili. Ndege nyingi za ndani hutua Aeroparque, mjini kando ya mto. Za kimataifa nyingi huondokea Ezeiza, nje ya jiji. Kwa tiketi mbili atachukua begi mwenyewe, atafute gari, avuke jiji na foleni zake. Mlipieni hoteli usiku mmoja.

Mzabibu_Hombolo
Kabla ya hoteli, ulizia ndege ya Ushuaia inayotua Ezeiza moja kwa moja. Zipo. Itamwondolea hiyo safari ya kuvuka jiji.

Baharia_Mstaafu
Ni kweli mkuu, lakini alale hukohuko jirani na Ezeiza. Mama katoka kutapika.

Nesi_Ipagala
Kadi ya homa ya manjano ikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi kubwa, maana anapitia Brazil. Kwa kichefuchefu amwone daktari wa meli, asijikaushe, anywe maji kidogokidogo. Ndani ya ndege anyanyuke atembee.

Mwambie pia kwamba akishuka anaweza kuhisi ardhi inayumba. Kwa wengi huisha baada ya siku chache. Ikiendelea, apelekwe hospitali. Saa za huko zipo sita nyuma yetu, usingizi utamvurugika. Ngoma ya stesheni sawa, shughuli isogezeni mbele.

Mwl_Kondoa
Mbukwenyi. Jiwe hapana, dada. Mkataba wa Antaktika ulisainiwa 1959, na itifaki yake ya mazingira ya 1991 ndiyo msingi wa katazo hilo: jiwe, unyoya, mfupa, hata ganda, vyote vinabaki. Baadhi ya pengwini hujenga viota kwa kokoto hizohizo. Mama mwenyewe atakuwa ameona wanavyopiga brashi mabuti na kutoa mbegu moja moja kwenye mifuko ya makoti, ili wasiingize mimea ya kigeni.

Awatunzie wanafunzi ratiba za kila siku. Meli nyingi huandika humo mahali zilipo kwa latitudo na longitudo. Wape ramani tupu waichore njia wenyewe, kutoka Ushuaia, nyuzi kama 55 kusini, mpaka alikofika. Jiwe lingekaa kabatini tu.

BintiChamwino
Asanteni sana. Nimepata ndege inayotua Ezeiza, na atalala usiku mmoja. Ratiba anazo zote, amezihifadhi. Baba mdogo kaafiki shughuli iwe Jumamosi ya wiki inayofuata. Kadi ya chanjo nimemwambia aitoe begini sasa hivi.