MREJESHO: Lile gita la umeme lisilo na kichwa nimelichukua

Wakuu, niliuliza kama ninunue gita la umeme la mtumba lisilo na kichwa (halina kile kipande cha mwisho wa shingo chenye vifungo vya kukazia nyuzi) la kujifunzia nyumbani hapa Bagamoyo. Asanteni sana jamani! Nilifata ushauri wa kukagua briji (kile kipande cha kwenye mwili kinachoshika nyuzi) maana gita hili ndo linakotyuniwa, nikazungusha kila skrubu ya kutyunia mbele ya muuzaji, mbili zilikuwa zimeshika kutu, hewa ya chumvi hii, akanipunguzia bei. Zile nyuzi maalum za magita haya, zenye kifundo ncha zote mbili, nimezikosa, ila hili lina vibano juu ya shingo kwahiyo nafunga nyuzi za kawaida nakata mkia. Aliyenishauri nipigie kwenye hedifoni ubarikiwe, napiga usiku watoto wamelala. Zile skrubu mbili za kutu nilizitia mafuta, yamelegeza moja tu, ya uzi wa sita imegoma kabisa, hiyo nampelekea fundi.