Tarehe 20 nakopa chumvi: nipunguze wapi bila kuitwa mchoyo?

Mama wa Wawili (mwenye uzi)

Habari za saa hizi wadau. Niko Mtwara mjini, nje kidogo, njia ya kwenda Mikindani. Nina watoto wawili, wa kike miaka 11 na wa kiume 6, nawalea mwenyewe. Nauza kwenye duka la dawa, mshahara 380,000. Nyumbani nina friji ndogo, nagandisha barafu za ukwaju na ubuyu, zinaniingizia kama 70,000 kwa mwezi. Jumla 450,000.

Ikifika tarehe 20 sina kitu. Mwezi wa sita nikaamua kuchukua daftari niandike kila senti, hata ya pipi. Nimejumlisha mara mbili maana mara ya kwanza sikuamini.

Ya lazima: kodi 50,000, chakula 165,000, mkaa 30,000, umeme 10,000, maji 8,000, shule na hela ya uji 25,000, hisa za kikoba 20,000, na mama yangu Tandahimba namtumia 30,000. Hapo 338,000.

Sasa mengine. Sare ya shughuli, kitenge pamoja na fundi, 43,000. Michango ya shughuli tatu 40,000. Kutuza 12,000. Bodaboda 38,000. Bando 22,000. Chipsi, soda na vitu vya njiani 31,000. Nywele 18,000. Hapo 204,000.

Nimeingiza 450,000, nimetumia 542,000. Hiyo 92,000 ya juu: 50,000 nilikopa kwenye simu, 42,000 ni deni la duka la jirani.

Chipsi naweza kuacha, wala sihitaji kufundishwa. Kinachonishinda ni shughuli. Huku kwetu mnajua, shule zikifungwa kila mtaa una ngoma. Na Desemba binti yangu naye anatakiwa kuchezwa unyago, ndugu wameshaanza kutaja rangi ya sare. Nikikataa naitwa msomi wa mjini. Nikikubali nakula deni. Naombeni ushauri, matusi wekeni akiba.

Kipanya cha Mangamba

Kwanza hongera kwa daftari. Mimi mwezi niliojaribu niliishia tarehe nne, nikaogopa.

Bodaboda 38,000 ni ya wapi na wapi?

Mama wa Wawili

Asubuhi napanda daladala. Jioni tunafunga saa tatu usiku, natoka nimechoka, bodaboda 2,000 mpaka mlangoni. Nimehesabu ni siku 19.

Kipanya cha Mangamba

Daladala za mwisho bado zipo saa hizo, shida ni kusubiri ijae. Mtafute mwenzako wa njia moja mchange bodaboda moja siku zile umechoka kweli, siku nyingine subiri. Usiache kabisa, usiku ni usiku na wewe ni mwanamke.

Umeme wa Jero

Dada, mita yenu ni ya watu wangapi? Nauliza kwa sababu anayetumia chini ya unit 75 kwa mwezi yuko kwenye bei ya chini, kwa 9,150 anapata unit zote 75. Walio kwenye bei ya kawaida, 10,000 inatoa unit 28 hivi. Nyumba ya wapangaji mita moja, kubaki chini ya 75 ni ndoto.

Mama wa Wawili

Wapangaji wanne mita moja. Na friji yangu wameshaninunia, ndiyo maana natoa 10,000 wenzangu 6,000. Hapo siwezi kugusa, barafu ndiyo mtaji.

Mchuuzi wa Feri

Niseme kuhusu tumbo maana 165,000 ndiyo fungu kubwa kuliko yote na wengine wanalipita.

Mkaa 30,000 maana yake unanunua kopo la 1,000 kila siku. Hiyo ndiyo bei ya maskini, na ni ghali kuliko ya tajiri. Gunia moja kwangu linakwenda wiki sita, na watu tuko watano. Kama huna hela ya gunia kwa mkupuo, changa na jirani mgawane kwa debe. Halafu maharage na mbaazi kavu loweka usiku. Utashangaa mkaa unaobaki jikoni.

Samaki: ukinunua kwa mchuuzi anayepita mlangoni (kama mimi, lakini leo nasema ukweli) unalipia miguu yangu. Shuka feri, kwenye soko la samaki, mwenyewe siku ya mapumziko, nenda na mwenzako mnunue fungu kubwa mgawane, mkaange siku hiyo hiyo. Kula changu kila siku si lazima. Dagaa wa nazi wana kosa gani?

Na sasa hivi mbaazi mpya zinaingia, huu ndio msimu wake. Chukua debe ukiwa na hela, anika vizuri, weka. Asubuhi mbaazi za nazi na muhogo wa kuchemsha, watoto wanakwenda shule wameshiba, hawakuombi maandazi njiani. Kisamvu unga kwa vipande vya korosho, zile zilizovunjika zinauzwa rahisi, nazi uipumzishe. Jumapili watafutie ming'oko, vile viazi vya porini, wacheze nayo mchana kutwa.

Dogo wa Chuno

Mimi sioni tatizo la chipsi wala mkaa. Sare, michango, kutuza ni 95,000. Deni lake ni 92,000. Mnazunguka nini? Ajitoe kwenye makundi yote ya shughuli, mwezi ujao anabaki na 3,000 mkononi. Unyago wenyewe siku hizi wa nini, mtoto anasoma.

Somo wa Newala

Nimekuwa nikisoma tu, ila hapo kwa Dogo nimeshindwa kunyamaza.

Mama wa Wawili, mwanangu, mimi nimekuwa somo, mfundaji wa unyago, wa wasichana wengi hapa Newala. Nikupe ninayoyajua kwa macho, si ya kusimuliwa.

Kwenye daftari lako umeweka sare, mchango na kutuza pamoja kama ndugu watatu. Si ndugu. Ukimtuza mwali wa mwenzio 5,000, mama yake anajua. Wengine wanaandika, wengine wanaweka kichwani, lakini anajua. Siku ya chiputu, unyago wa binti yako, ataleta 5,000, au kuku, au kibaba cha mbaazi na mikono yake miwili. Mchango vilevile. Hiyo ni hela uliyoiweka kwa watu. Lakini niambie, tangu uzaliwe, nani amewahi kukurudishia kitenge?

Zamani mwali akitolewa ndiye alikuwa na kanga mpya. Wageni tulikuja na zetu za nyumbani, tumejifunga safi, tumeleta unga. Haya ya wanawake sitini rangi moja yamekuja na simu za picha. Picha ikishapigwa, kitenge kile huvai tena kwa sababu shughuli inayofuata ina rangi yake.

Kwa hiyo nenda kwenye shughuli. Toa mchango unaouweza, na uutoe kwa mkono, mapema, kabla hujadaiwa. Sare usichukue. Badala yake fika alfajiri, menya vitunguu, pepeta mchele, osha masufuria. Aliyekesha jikoni haulizwi kitenge chake kiko wapi. Wakikuuliza, sema umekuja kupika.

Dogo wa Chuno

Shikamoo bi mkubwa. Nakubali la sare. Ila hilo la kurudishiwa lina kasoro. Ukitoa 10,000 leo, mwakani unarudishiwa 10,000 ile ile, na bei zimepanda. Wakati huohuo umekopa kwenye simu, ambako riba inatembea kila siku. Unaweka akiba isiyozaa kwa hela yenye riba. Hesabu inakataa.

Somo wa Newala

Marahaba. Hesabu yako nzuri. Msiba ukikufika saa nane usiku, hiyo riba itakuja kukubebea maji?

Dogo wa Chuno

Nimekaa chini.

Mama Kikoba Ligula

Msimcheke Dogo, ana nusu ya ukweli. Kutoa ni sawa, kutoa kwa mkopo ndiyo kosa. Mimi nina bahasha ya shughuli, nimeiwekea kiasi chake kwa mwezi. Ikiisha tarehe saba, anayekuja tarehe nane namwambia ukweli, mwezi huu nimeshamaliza, nitakuja kukusaidia kazi. Wengi wanaelewa. Wasioelewa hawakuwa wanakupenda hapo mwanzo.

Swali: zile shughuli tatu ulizochangia zilikuwa za nani?

Mama wa Wawili

Ya kwanza, binti wa mama mdogo, 10,000. Ya pili, jirani wa ukuta mmoja, 10,000. Ya tatu (naona aibu kuandika) ni wifi wa mfanyakazi mwenzangu. 20,000, na sare ndiyo ilikuwa ya huko. Niliwekwa kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu anataja 20,000, na mimi nikataja. Wifi mwenyewe simjui hata kwa sura.

Kipanya cha Mangamba

63,000 kwa mtu usiyemjua! Dada, ungenipa mimi.

Mama Kikoba Ligula

Ndiyo hiyo. Kwenye kundi mtu hatoi kwa uwezo wake, anatoa kwa kumuangalia aliyetangulia. Mimi sitaji kiasi kwenye kundi hata siku moja, namtumia mhusika moja kwa moja.

Mama wa Wawili

Asanteni sana. Sare naacha. Deni la simu nalo lisiwasumbue, mama ana mikorosho Tandahimba na ameniahidi minada ikianza mwezi wa kumi atanisaidia nifute yote, na sherehe ya binti tutafanyia hela hiyo hiyo.

Babu Mkulima

Hapo ndipo wengi wetu tulipozikwa.

Mwaka 2018 wakulima tulikataa bei ya wanunuzi, Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa 3,300 kilo. Bei tuliifurahia. Mimi siku ile ile nikaenda kuchukua makochi na televisheni kwa ahadi, nikamwambia mwenye duka hela iko njiani. Ilikuwa njiani kweli. Uhakiki ulikuwa mrefu, wako waliolipwa mapema na wako tuliovuka mwaka tunasubiri. Yule bwana alikuwa akija kukaa kwenye makochi yangu kila Ijumaa, anasema amekuja kuyasalimia.

Mvua ikinyesha maua yakiwa juu, korosho zinapungua. Ugonjwa wa ubwiri unga ukiingia, zinapungua. Bei ya mnada huijui mpaka siku ya mnada. Wewe unakula leo korosho ambayo bado haijatoa ua. Na mama yako akibanwa na deni lako mwezi wa tisa, atakwenda wapi? Atauza kangomba, kwa walanguzi, kwa bei ya kutupa, kabla hata msimu haujafunguliwa. Nimeona wengi.

Mdogo wangu, hela ya mikorosho ni ya mama. Ikija, ije imkute huna deni.

Mama wa Wawili

Babu, umenigusa pabaya. Mwaka jana aliuza gunia moja hivyo hivyo, na hakuniambia kwa nini. Ngoja nifunge simu kidogo.

Umeme wa Jero

Kuhusu bando, zima ile ya kupakua picha na video zenyewe. Statasi za watu zinakula kuliko wewe mwenyewe. Chukua la wiki.

Somo wa Newala

Na la Desemba usiliogope. Wali wawili watatu wa ukoo mmoja wanachezwa pamoja, nyakanga (mkuu wa unyago) mmoja, jiko moja, siku moja ya kutoka. Uliza binamu zako nani ana binti wa umri huo. Shule ikishafungwa, si kabla.

Mama wa Wawili (mrejesho, mwisho wa mwezi wa saba)

Nilisema nitarudi, nimerudi.

Mwezi huu nimetumia 446,000, na ndani yake nimelipa deni lote la simu pamoja na riba, 57,000. Kwa hiyo matumizi hasa ni 389,000. Bodaboda 14,000, bando 10,000, nywele 5,000 (nimesuka twende kilioni, dada wa duka la dawa nimeonekana binadamu tu), vitu vya njiani 10,000. Kwenye chakula nimeokoa 15,000, mbaazi zimefanya kazi ingawa mdogo ameshaanza kuzichukia. Gunia la mkaa bado, jirani ananizungusha. Deni la duka 42,000 lipo palepale, nimemwambia mwenye duka ukweli na nimeacha kuongeza.

Shughuli nimekwenda moja, ya jirani mwingine. Mchango 20,000 kwa sababu wao walinisimamia nilipojifungua, kutuza 7,000. Sare sikuchukua. Nilifika saa kumi na moja alfajiri na dera langu la zamani, nikamenya vitunguu mpaka macho yakavimba. Wawili walininong'ona, niliwasikia. Mama mwenye shughuli mwenyewe alinifungia pilau la kwenda nalo nyumbani, sufuria nzima.

Binamu yangu wa Nanyamba ana binti wa miaka 12, amekubali tuwacheze pamoja. Tatizo ni shangazi. Jana usiku ametuma kwenye kundi la ukoo picha ya kitenge cha Desemba, bei 28,000, akaandika "wahini kabla hakijaisha". Watu kumi na nne wameshajibu ndiyo. Mimi nimesoma, sijajibu, na anaona nimesoma.

Kipanya cha Mangamba

Mwambie simu iliibiwa.

Somo wa Newala

Usijibu kwenye kundi. Mpigie leo jioni akishaswali, umsalimie kwanza, uulize mgongo wake. Kisha mwambie wewe utasimamia jiko.